Upande Mmoja Una Njaa, Mwingine Umeshiba

Mama mmoja wa Tabata alituletea Toyota Kluger ya V6, yaani yenye injini ya silinda sita zilizogawanywa pande mbili, akiwa na boksi dogo la kadibodi kwenye kiti cha abiria. Ndani yake kulikuwa na sensa tatu za oksijeni, zote zimetolewa upande uleule wa injini ndani ya miezi mitano. Kila mara taa ya injini ilizimwa kwa mashine, gari likaenda vizuri wiki moja au mbili, kisha taa ikarudi na namba ileile: P0171. "Fundi, hii gari inakula sensa," aliniambia. Nikamwomba aliache boksi mezani, nikachomeka skana, na kabla sijashika spana nikaandika namba nne kwenye karatasi.

Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, upande wa kwanza ulikuwa umeongezewa mafuta kwa asilimia 18 katika hesabu ya muda mrefu, na asilimia 5 juu yake katika hesabu ya muda mfupi. Upande wa pili ulikuwa na asilimia 2 na sifuri. Namba hizo nne zilikuwa na habari kuliko sensa zote tatu za kwenye boksi. Nimeona magari mengi Dar es Salaam yakibadilishiwa vipuri kwa sababu hakuna aliyekaa dakika kumi kuzisoma, ndiyo maana naandika.

Tuanze na P0171 yenyewe. Namba hiyo inasema jambo moja tu: kompyuta ya gari imeongeza mafuta upande wa kwanza hadi kufika mpaka iliowekewa, na bado inaambiwa kwamba mchanganyiko ni hafifu, yaani hewa imezidi mafuta. Pacha wake wa upande wa pili ni P0174. Mchanganyiko ukiwa mzito, namba ni P0172 na P0175. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayosema kwamba sensa ni mbovu. Sensa ndiyo iliyoleta habari. Mjumbe hauawi, lakini kwenye gari hili aling'olewa mara tatu na habari haikubadilika.

Petroli huungua vizuri pale gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya mafuta. Kompyuta haioni ndani ya silinda. Inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu ya mafuta yanayohitajika, inafungua nozeli zinazonyunyiza mafuta kwa milisekunde chache, kisha inasubiri jibu kutoka kwenye bomba la ekzosi. Jibu hilo linaletwa na sensa ya oksijeni, kifaa cha Bosch kilichoingia barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Sensa ya aina hiyo ya zamani ina kigae cha zirkonia ambacho upande mmoja kinagusa hewa ya nje na upande wa pili kinagusa moshi wa injini. Kikishapata moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme mdogo. Moshi usio na oksijeni, ambao ni dalili ya mafuta mengi, unatoa karibu volti 0.9. Moshi wenye oksijeni nyingi unatoa karibu volti 0.1. Katikati ni 0.45.

Naomba msomaji aliweke hili kichwani kabla hatujaendelea: sensa haijui petroli. Inajua oksijeni tu. Oksijeni ikifika pale kwa njia yoyote ile, hata kama mafuta ni tele, sensa itasema mchanganyiko ni hafifu, na kwa kipimo chake itakuwa imesema kweli.

Sasa hizo asilimia. Mafundi wa mashine wanaziita trimu. Mfikirie mama lishe mwenye masufuria mawili ya mchuzi jikoni. Anajua kiasi cha chumvi cha kila siku, lakini kila mara anaonja na kuongeza au kupunguza. Kile anachokiongeza sasa hivi baada ya kuonja ndiyo trimu ya muda mfupi. Akiona kwamba kila siku lazima aongeze nusu kijiko, mwishowe anabadilisha kipimo chake cha kuanzia, na hiyo ndiyo trimu ya muda mrefu. Alama ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu imeambiwa hayatoshi. Alama ya kutoa maana yake inapunguza. Zijumlishe zote mbili ndipo upate picha kamili: kwa Kluger ile, 18 na 5 ni 23. Gari lisilo na hitilafu halipaswi kuvuka 10 kwenda juu wala kushuka chini ya 10 ya kutoa, na magari mengi huwasha taa yanapokaribia 25.

Kuna kosa la kusoma ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Wanatazama sensa, wanaiona inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa, wanasema upande huu ni mzima. Lakini sensa inacheza vizuri kwa sababu kompyuta imeshafaulu kusawazisha mchuzi. Ugonjwa umejificha kwenye trimu. Trimu inakuambia kompyuta imehangaika kiasi gani. Sensa inakuambia kama hangaiko hilo limezaa matunda. Trimu ikiwa juu na sensa inacheza, tatizo lipo ila bado linamudika. Trimu ikigonga mpaka na sensa ikaganda kwenye 0.1, kompyuta imeishiwa nguvu. Ukitazama kimoja bila kingine utapotea.

Injini za silinda nne zilizojaa mjini, za akina IST na Premio, zina upande mmoja tu, kwa hiyo zina jozi moja tu ya trimu. V6 ina safu mbili za silinda tatu tatu, kila safu na sensa yake na hesabu yake. Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba moja, popote ulipo. Kwenye injini ya 1MZ-FE, iliyo ndani ya Harrier na Kluger nyingi za lita 3.0, upande wa kwanza ni wa nyuma, ule uliobanana na ukuta wa kabini, na upande wa pili ndio uliotazama rejeta. Nimeshuhudia sensa ya upande wa mbele isiyo na kosa iking'olewa kwa sababu fundi alidhani "kwanza" ni ile anayoifikia mkono kwanza.

Watu huona V6 ni mzigo zaidi wakati wa kutafuta ugonjwa. Kwangu ni kinyume, kwa sababu injini yenye pande mbili inakupa mtu mwenye afya wa kumlinganisha na mgonjwa. Pande zote mbili zinakunywa petroli kutoka tangi moja, kwa pampu moja, chujio moja na presha moja. Hewa yote inapita kwenye chujio moja, sensa moja ya hewa na throtoli moja, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa hiyo kitu cha pamoja kikiharibika, pande zote mbili zinapaswa kulalamika karibu sawa. Upande mmoja ukilia peke yake huku mwenzake ametulia, vitu vyote vya pamoja unavivua lawama kwa mkupuo.

Hili lina maana kubwa hapa kwetu, kwa sababu gari likianza kusumbua, mtu wa kwanza kulaumiwa ni sheli. Historia ya lawama hiyo tunaijua. Mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli hadi neno kuchakachua likawa la kila siku. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Lakini mafuta mabaya hayachagui silinda tatu za nyuma na kuziacha tatu za mbele. Mama yule wa Tabata alikuwa ameshabadilisha kituo cha mafuta mara mbili na kumwaga tangi mara moja. Namba zake nne zilitosha kumwambia asifanye hivyo. Pampu mpya aliyokuwa ameshauriwa kununua nayo isingesaidia kitu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupiga resi taratibu hadi mizunguko 2500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Upande wa kwanza ulishuka kutoka 23 hadi 8. Wa pili haukutikisika.

Mshuko huo una maana yake. Chukua mfano wa upande mmoja unaovuta gramu 2 za hewa kwa sekunde injini ikiwa sailensa, na gramu 7 kwenye mizunguko 2500. Weka tundu dogo linaloingiza gramu 0.4 za hewa isiyohesabiwa. Kwenye sailensa hiyo ni asilimia 20, inatisha. Kwenye mizunguko 2500 ni chini ya asilimia 6, na gari linaonekana zima. Ndiyo sababu gari la namna hii linakwenda vizuri kabisa barabara ikiwa nyeupe, halafu linaanza kutetemeka na kunuka mafuta kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Sisi tunaoishi Dar tunatumia saa nyingi mno injini ikiwa sailensa na kiyoyozi kimewashwa, kwa hiyo tundu ambalo mtu wa mji usio na foleni asingelijua, kwetu linakula fedha kila asubuhi. Kama mwelekeo ungekuwa wa kinyume, trimu nzuri kwenye sailensa na mbaya unapokanyaga, ningefikiria upungufu wa mafuta, mathalani nozeli iliyoziba nusu.

Nilikuwa nimebaki na aina mbili za tundu, na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Hewa inaweza kuingia kabla ya silinda, kwa mfano kwenye gasketi iliyo kati ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwa silinda, na kichwa cha injini upande huo. Hiyo ni njaa ya kweli: silinda zinapata hewa nyingi kuliko mafuta, na mafuta yanayoongezwa na kompyuta yanahitajika. Lakini hewa inaweza pia kuingia baada ya silinda, kwenye ufa au gasketi ya manifoldi ya ekzosi, kabla ya sensa. Wengi hudhani bomba la ekzosi linasukuma tu nje. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kunabaki utupu mdogo unaonyonya hewa ya nje kupitia ufa. Injini ikizunguka kwa kasi mapigo yanasongamana, presha inapanda, unyonyaji unapungua. Kwa hiyo nayo trimu yake inashuka unapopiga resi. Kwenye skana matundu haya mawili yanafanana kama mapacha.

Ndani ya injini, hata hivyo, ni vitu viwili vinavyopingana. Katika hali ya pili silinda zilikuwa na mafuta ya kutosha tangu mwanzo. Sensa ikanusa hewa ya ufa, kompyuta ikamwaga asilimia 23 zaidi ya mahitaji, silinda zikazama kwenye petroli, na skana ikaendelea kuandika kwamba mchanganyiko ni hafifu. Mwenye gari anaona mafuta yanaisha haraka, ananusa petroli, anaona weusi kwenye ncha ya bomba, na fundi anamwambia gari lina njaa ya mafuta. Wote wawili wana ushahidi. Mbaya zaidi, mafuta yasiyoungua yanakutana na oksijeni ya ule ufa ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na kuungulia humo. Masega yanapata joto ambalo hayakuumbiwa, na baada ya muda yanayeyuka na kujiziba.

Kwa hiyo niliuliza maswali kabla ya kufungua kitu. "Mama, asubuhi ukiwasha, kuna mlio wowote?" Akafikiri. "Ipo tik-tik fulani, ya harakaharaka. Lakini nikifika Buguruni imeshanyamaza. Nikajua ni oili inapanda." Mlio unaokufa injini ikipata moto ni dalili ya chuma kinachotanuka na kuziba ufa wake chenyewe. Kuziba huko si kamili, kama trimu ilivyoonyesha.

Nilinyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka gasketi za manifoldi ya hewa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa msaidizi wangu. Tundu la upande wa hewa lingevuta ile dawa na trimu ya muda mfupi ingeporomoka papo hapo. Haikuporomoka. Nikapuliza dawa hiyohiyo kidogo kwenye njia ya hewa ya throtoli: sensa ya upande wa kwanza ikaruka juu ya 0.8 bila kuchelewa. Nikachomoa mpira mmoja wa vakyumu ili hewa ya ziada iingie: ikaanguka chini ya 0.2. Sensa ya nne ilikuwa nzima. Kipimo hicho kilichukua dakika mbili, na kama kingefanywa miezi mitano kabla, boksi la kadibodi lisingekuwepo.

Siku iliyofuata, injini ikiwa baridi, tulifunga blowa kwenye ncha ya bomba la ekzosi ipulize kwenda ndani, tukapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya manifoldi. Nyuma kabisa, mahali ambapo unaona kwa kioo tu, mapovu yakachemka kuzunguka mlango wa silinda ya tano. Bolti moja ilikuwa imekatika, na gasketi ilikuwa imeliwa na moto hadi ikatoka mfereji. Tulipofungua manifoldi ya juu ili kuzifikia plagi za nyuma, zote tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu, na za mbele zilikuwa na rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Plagi hazisomi oksijeni. Zinaonyesha kilichoungua. Kama upande ule ungekuwa na njaa ya kweli, zingekuwa za rangi ya kawaida au zinazoelekea weupe.

Si kila tofauti ya pande mbili inaishia kwenye ufa, na baadhi ya sababu nyingine zina hesabu inayofaa kueleweka. Mojawapo ni nozeli moja iliyoziba. Sensa moja inahudumia silinda tatu, na inachosoma ni wastani. Tuseme nozeli moja inatoa asilimia 70 ya mafuta yake na mbili ni nzima. Wastani wa upande ni 90, hivyo kompyuta inaongeza asilimia 11 hivi kwa zote tatu, kwa sababu haijui mgonjwa ni yupi. Sasa ile dhaifu imefika 78, bado ina njaa, na zile mbili nzima ziko 111, zinabeba mafuta yasiyo yao. Trimu ni 11 tu, pengine taa haiwaki kabisa, lakini gari linamisi, yaani silinda inakosa mapigo, na linakula mafuta. Silinda isiyowaka kwa sababu ya plagi au koili inayoipa plagi umeme huleta sura inayokaribiana na hiyo: hewa yake inapita bila kuungua, sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza mafuta kwa silinda ambayo hata haiwaki.

Kwa matatizo ya namna hiyo sina kipimo ninachokipenda kuliko kuhamisha. Koili unayoitilia shaka ipeleke upande wa pili. Nozeli vilevile, manifoldi ikiwa imeshafunguliwa. Sensa za pande mbili zikiwa za aina moja na waya zinafika, zibadilishane. Kosa likihama pamoja na kipuri, umempata. Likibaki palepale, kipuri kiko salama na hujatumia hata shilingi Kariakoo.

Kuna sura nyingine inayowashangaza wengi: upande mmoja umepanda juu na mwingine umeshuka chini, kama mizani. Magari yenye sensa ya kupima hewa yanagawa mafuta nusu kwa nusu kwa kudhani kwamba hewa nayo inagawanyika hivyo. Masega ya upande mmoja yakiziba, upande huo unashindwa kupumua, hewa yake inahamia kwa mwenzake, lakini mafuta hayahami. Upande ulioziba unakuwa mzito na trimu inaingia kwenye kutoa. Upande mzima unapata hewa ya ziada na trimu inapanda. Hapo mgonjwa ni yule mwenye alama ya kutoa, na ukimfuata mwenye alama ya kujumlisha kwa sababu ndiye aliyewasha taa, utabomoa upande usio na kosa. Ukikanyaga mafuta tofauti inazidi. Kipimo chake ni kutoa sensa iliyo kabla ya masega na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake: kwenye mizunguko 2500, presha ikivuka kama pauni 3 kwa inchi ya mraba, bomba limeziba. Mkanda wa taimingi uliofungwa ukiwa umeruka jino moja upande mmoja huleta mizani ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ulizia kazi ya mwisho iliyofanyika kwenye injini.

Swali hilo la kazi ya mwisho linafungua pia mlango wa kisa kibaya zaidi, ambacho tunakutana nacho baada ya kufunga injini ya mtumba. Soketi za sensa mbili zilizo kabla ya masega zinafanana, na waya zikiwa ndefu zinaweza kubadilishana pande. Gari linawaka vizuri. Halafu upande wa kwanza unahitaji kuongezewa mafuta kidogo, habari hiyo inafika kwenye hesabu ya upande wa pili, kompyuta inaongeza upande wa pili, ambao sasa unakuwa mzito, na habari hiyo inarudi kwenye hesabu ya upande wa kwanza, ambao unapunguzwa zaidi. Kila sahihisho linazidisha kosa, hadi upande mmoja unagonga mpaka wa kujumlisha na mwingine mpaka wa kutoa. Sufuria mbili, na mpishi anaonja hii anatia chumvi ile. Kuthibitisha ni rahisi: chomoa soketi ya nozeli moja ya upande wa mbele na utazame ni sensa ipi inayosema hafifu. Ikijibu ya upande wa nyuma, umemaliza uchunguzi.

Lazima nizungumzie sensa za kizazi cha pili, kwa sababu zinapoteza fedha za watu wengi. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea hazina zirkonia ya volti 0.1 hadi 0.9 upande wa mbele wa masega. Zina sensa ya uwiano, inayopima kiasi cha kuzidi au kupungua kwa hewa badala ya kusema tu kuna au hakuna. Kipimo chake cha katikati ni volti 3.3, na skana nyingi za kawaida hukipunguza na kukionyesha kama 0.66. Ikiwa nzima inatulia, haichezi. Namba zake pia zimegeuka: zikipanda ni hafifu, zikishuka ni mzito, kinyume cha ile ya zamani. Fundi aliyejifunza kwa sensa ya zamani anaiona imeganda kwenye 0.66, anaihukumu kifo, anamtuma mteja akanunue nyingine. Kwa kuwa zote mbili zina waya nne na zinafanana kwa umbo, mteja anaweza kurudi na ya aina ya zamani, ikafungwa, na kompyuta ikaanza kusoma lugha isiyo yake. Nunua kwa namba iliyochapwa kwenye sensa yenyewe. Sura ya soketi haitoshi.

Sensa zinakufa kweli, sikatai. Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Masaki inakula pini za soketi, na gari lililopita kwenye maji ya bonde la Jangwani linaweza kubaki na unyevu ndani ya soketi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo fungua soketi na uitazame kabla ya kuilaumu sensa. Hita iliyo ndani ya sensa ikikatika, sensa inachelewa kuamka. Injini inayokunywa oili inaipaka majivu. Na kuna gundi ya gasketi: silikoni ya kawaida ikipakwa karibu na njia ya moshi, mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye kigae, na sensa inakuwa nzito kujibu. Kwenye Kluger ile tulikuta mabaki ya gundi nyekundu kwenye ukingo wa manifoldi. Kuna aliyejaribu kuziba ule ufa kwa silikoni. Ina maana aliuona, akaupaka, kisha akafunga sensa mpya mbele yake.

Manifoldi tuliipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani ikachongwa uso wake uwe bapa, kipande cha bolti kikatolewa, gasketi mpya ya chuma ikafungwa kavu bila gundi yoyote, na plagi sita mpya zikaingia. Tukafuta kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu trimu ya muda mrefu iliyojengeka kwa miezi haisahau mara moja, na injini ingeendelea kwa muda kumwagiwa mafuta ya ugonjwa uliokwisha. Nikamwambia mama asiniamini mimi wala taa iliyozimika. Aende Kibaha na kurudi, apite kwenye foleni kwa makusudi, alitumie gari kwa siku nne kama kawaida, kisha alete tusome upya.

Alirudi siku ya tano. Sailensa, kiyoyozi kimewashwa, injini ya moto: upande wa kwanza asilimia 3, upande wa pili asilimia 2. Kwenye mizunguko 2500, 2 na 2. Sensa tatu za kwenye boksi tulizijaribu moja moja kwenye nafasi ileile kabla hajaondoka. Mbili zilijibu vizuri, moja ilikuwa nzito na kigae chake kimefunikwa na ule utando mweupe. Akaziweka zile mbili kwenye kiti cha abiria, akaondoka nazo.